Alivua Sare, Hakuvua Wajibu



Tumekusanyika kuwakumbuka polisi waliouawa siku zao za mapumziko, kwa kuwa walisikia mtu akipiga mayowe wala hawakufunga mlango. Walio wa hapa nyumbani hatutawataja majina, maana hatukuomba idhini ya jamaa zao. Mmoja wa mbali na asimame kwa niaba yao wote.

Februari 26, 1975, jijini London, kijana wa miaka 22, Stephen Tibble, alikuwa akipita kwa pikipiki. Hakuwa zamu, na alikuwa mgeni bado katika kazi ya polisi. Akawaona wenzake wakimfukuza mtu. Akateremka, akamzibia njia. Mtu yule alikuwa na bastola. Tibble akapigwa risasi, akafa. Hakuna mkubwa aliyemwamuru kuteremka.

Sisi wanasheria twajua kwamba sheria ya Kenya humhesabu polisi kuwa kazini wakati wowote anapohitajika. Lakini polisi aliye mapumzikoni hana redio, hana mwenzake wa zamu, pengine hana hata silaha. Ngao yake ni moja tu: majirani wanaomwamini na kusimama naye. Ngao hiyo kwetu imetoboka.

Agosti 2021, vijana wanne waliuawa na umati karibu na Kitengela kwa kudhaniwa kuwa wezi wa mifugo. Katika umati kama ule, mtu mmoja akisema, "Mimi ni polisi, waacheni wafikishwe kituoni," nani atamsikiliza? Watu hushika mawe na marungu wakisha kuamini kwamba kituoni hakuna haki.

Na imani hiyo haikuja bure. Agosti 19, 2024, wanaume watatu wa hapa Kitengela walitekwa nyara, wasionekane hadi Septemba 20. Mahakama Kuu ilimwita kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi mara kadhaa, asifike, hata ikamhukumu kifungo cha miezi 6 kwa kuidharau. Mlinzi wa sheria akiidharau mahakama, raia atafundishwa na nani kuiheshimu?

Kwa hiyo anayedai polisi wawajibike si adui wa polisi mwema. La hasha! Kila mkubwa anayemficha mhalifu mwenye sare ndiye anayeitoboa ngao ya yule atakayetoka usiku, peke yake, kumwokoa jirani.

Katiba ya 2010 iliwaita polisi Huduma, na Kifungu cha 244 chawataka waheshimu haki za binadamu na kujenga uhusiano mwema na jamii. Basi twadai mambo matatu. Kila mauaji, ya polisi au ya raia, yachunguzwe kwa uzito ule ule. Wajane na mayatima wa polisi wapewe haki yao bila kuzungushwa, wala wasiambiwe kwamba marehemu hakuwa zamu. Na amri za mahakama zitiiwe, kuanzia kwa mkubwa kabisa.

Msamaria yule wa Injili hakuuliza zamu ilikuwa ya nani. Nasi tukirudi majumbani, tujiulize: usiku ambao polisi jirani yetu atatoka kwa ajili yetu, tutatoka naye, au tutazima taa?