NOELI NA WAGENI WA NJIA YA MISAFARA
(Maneno yaliyosemwa na karani mmoja mbele ya wanachama, Tabora)



Halmashauri imeniamuru niseme juu ya karamu ya Noeli, kwa kuwa mwaka jana mimi ndiye niliyeshika daftari yake, na kosa lililotokea ni langu. Mbuzi walichinjwa alfajiri na kijana aliyekuwa karibu, wala sikuuliza yeye ni nani. Hata saa ya kula, ndugu zetu Waislamu, waliotoa fedha sawasawa na sisi, waliketi na bilauri za chai tu. Hawakusema neno. Tangu hapo nimesikia wengine wakisema ya kwamba Noeli ni ya Wakristo, basi yaishe. Nataka kuwajibu kwa habari ya njia yetu hii wenyewe.

Mwaka wa 1871 Dr. Livingstone alikuwa Ujiji, amechoka kwa maradhi na safari, na hesabu ya siku imempotea. Tarehe 14 Novemba Waislamu wa mji wakaanza kufunga Ramadhani. Alipolinganisha mwezi ule na kalenda ya mabaharia, akaona ya kuwa hesabu yake imetangulia kwa siku 21. Kama angaliendelea nayo, Noeli yake ingaliangukia tarehe 4 Desemba! Saumu ya jirani ndiyo iliyomrudishia sikukuu yake.

Noeli ilipofika, Stanley alikwenda sokoni mwenyewe, akanunua kondoo, mbuzi, mayai, maziwa, ndizi na pombe. Lakini Feraji mpishi akaiharibu nyama ya kuoka, na vyakula vingine vikaungua. Livingstone aliandika kesho yake ya kwamba sikukuu ilikuwa ya huzuni. (Mimi namhurumia Feraji, najua jinsi lawama za karamu zinavyomwangukia mtu mmoja.) Tarehe 27 wakaondoka, na tarehe 18 Februari 1872 wakafika Kwihara, hapa jirani.

Na mji wetu je? Waarabu walitoka Omani. Wamanyema walitoka ng'ambo ya Tanganyika, wala si wote waliokuja kwa hiari yao. Mapadre Weupe walifika mara ya kwanza mwaka wa 1878, na reli ya mwaka 1912 ikaleta makarani wa kila kabila. Wanyamwezi ndio wenyeji waliotupokea sote. Karani aliyehamishiwa hapa hana shangazi wala mjomba wa kumwalika siku ile. Jamaa zake ndio sisi tuliomo chumbani humu. Je, tumketishe na chai?

Kwa hiyo naleta shauri, Bwana Mwenyekiti. Mbuzi wote wachinjwe na Mwislamu, kama wafanyavyo wazee wengi Wakristo wa mji huu bila kuandikiana barua. Wali na mchuzi vipikwe katika masufuria mamoja, na pombe, kwa waitakao, iwekwe mbali na meza ya chakula. Naomba kura ipigwe leo, kabla ya mshahara kutoka. Bei ya mbuzi nimekwisha iandika katika daftari. Mahali pa jina la mchinjaji nimepaacha wazi.