Akili na Raha ya Moyo

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Jumamosi usiku)

Nimepewa dakika kumi. Sitazimaliza, kwani harufu ya biriani imekwisha tufikia.

Kila tukutanapo, jambo la kwanza ni kuulizana huyu kasoma nini na yule kapata alama ngapi. Mwenye akili huitwa mbele, akapigiwa makofi. Dhana yetu, tusiyoitamka, ni kuwa akili nyingi zitamletea furaha maishani. Naomba tuipime dhana hiyo.

Tarehe 1 Juni 1932 watoto wa Scotland waliozaliwa mwaka 1921, zaidi ya 87,000, walikalishwa mtihani mmoja wa akili. Karatasi zao zikahifadhiwa. Miaka mingi baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliwatafuta waliokuwa wangali hai katika eneo la Lothian, wakawapa mtihani ule ule wakiwa na miaka 79, kisha walipotimiza 80 wakawauliza kama wameridhika na maisha yao. Majibu ya wazee hao yalitangazwa mwaka 2005. Waliopata alama za juu utotoni hawakuwa wameridhika kuliko wenye alama za chini. Wala waliobaki na akili kali uzeeni hawakuwazidi wenzao ambao akili zao zilipungua.

Sisemi akili hazina faida. Uchunguzi mwingine, uliotumia takwimu za England za mwaka 2007, uliwaona wenye alama za chini wakiwa na furaha haba. Lakini sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitokana na uchache wa kipato, maradhi, na kutoweza kujifanyia shughuli za kila siku. Hayo yana dawa, na ukoo unaweza kusaidia.

Yuko mwana wetu mmoja, sitamtaja. Alipokuwa na miaka tisa tulimpandisha juu ya kiti ataje miji mikuu ya Afrika yote, nasi tukashangilia. Aliyempandisha ni mimi. Alipoacha chuo mwaka wa pili hakuna aliyemfukuza kwetu; mwenyewe aliacha kuja. Nilimzuru msimu wa baridi uliopita. Akaniuliza, "Ami, nikija nitawaambia nini?" Sikuwa na jibu. Nilimaliza chai yangu nikaaga, na tangu siku ile swali hilo halijanitoka.

Kwa hiyo naiomba kamati: ule ukurasa wa waliofaulu katika kijitabu chetu uwe na majina ya watoto wetu wote, kwa kufuata umri, bila alama wala shahada.

Jana nilimpigia simu kijana huyo. Amesema atajaribu kuja kesho mchana. Akija, nawaombeni, mpisheni akae, mpakulieni, wala asiulizwe anasoma nini.