Picha ya Reli na Jina la Mtu

 Wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wa Kasulu na Kibondo! Fungueni madaftari, mshike kalamu. Leo tutazungumza habari za kupiga picha: picha za miji yetu midogo na za reli ya zamani.

Kwetu Kasulu reli haifiki. Mtu akitaka kupanda gari moshi huteremka mpaka Uvinza au Kigoma. Lakini reli hiyo imeingia katika maisha ya nyumba nyingi za Buha. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Urefu wake ni zaidi ya kilometa 1,200. Ndiyo maana hata leo watu husema, "Kigoma, mwisho wa reli."

Wakati wa Mwingereza, vijana wengi wa Buha walisafiri kwa gari hilo kwenda kufanya kazi katika mashamba ya katani. Waliitwa manamba. Neno hilo limetokana na namba, kwa sababu kila kibarua aliandikwa kwa namba yake. Wazazi walimpa jina, lakini kazini alijulikana kwa namba.

Picha za zamani nazo zina habari kama hiyo. Mjerumani mmoja, Walther Dobbertin, alipiga picha nyingi katika nchi hii kabla ya vita vya mwaka 1914, na zimehifadhiwa Ujerumani mpaka leo. Lakini katika picha nyingi za siku zile, tunawaona vibarua na wapagazi, wala majina yao hayakuandikwa. Nani sasa ataweza kusema, "Huyu ndiye babu yangu"?

Tena mambo yanageuka. Mwaka 2022 mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Tabora mpaka Kigoma ulitiwa saini. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Hayo ni maendeleo. Lakini maduka ya zamani, stesheni ndogo, na wazee waliosafiri siku zile, havitatungoja. Wengi wenu mna simu zenye kamera. Basi fanyeni hivi.

Kwanza, omba ruhusa. Ukiwa stesheni, mwulize mkuu wa stesheni. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwulize mwenyewe. Wala usisimame juu ya reli.

Pili, piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa mgongoni mwako.

Tatu, piga kwanza kwa mbali, mahali pote paonekane. Kisha sogea karibu: piga kibao cha stesheni, mlango wa duka, mikono ya mama anayepima chumvi ya Uvinza.

Nne, na hili ndilo kubwa: andika. Picha ikiisha kusafishwa, andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi, bila kukandamiza. Ikibaki ndani ya simu, andika daftarini. Jibu maswali manne: Nani? Wapi? Lini? Anafanya nini?

Haya, andikeni pamoja nami, polepole. Penye nafasi, jazeni wenyewe:

Huyu ni ............ Yuko stesheni ya Uvinza. Anauza chumvi. Tarehe ............ mwaka ............

Someni tena kwa sauti. Vema. Mtu asiyejua kuandika humngoja mwingine amwandikie jina, na huyo mwingine akipenda huandika namba tu. Ninyi hamngoji tena. Maneno machache nyuma ya picha yatamwambia mjukuu wako yeye ni wa nani.

Kazi ya juma hili: mtafute mzee aliyesafiri kwa gari moshi, au jamaa yake. Mpige picha, au utazame naye picha aliyoiweka sandukuni. Mwulize majina ya wote walio ndani, uyaandike, kisha mje mjadiliane darasani:

1. Kwa nini vibarua wa katani waliitwa manamba?
2. Reli ilifika Kigoma mwaka gani?
3. Katika mji wenu, ni kitu gani kipigwe picha kabla hakijaondoka?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.