Hedhi Yako ya Mwisho Lini, Mama?

Msikilizaji, mwanamke wa miaka 48 akiingia zahanati akaeleza kwamba usiku anaamka ameloa jasho, moyo unamwenda mbio, viungo vinauma na usingizi umempotea, atachomwa kidole apimwe malaria. Kipimo kikionyesha hana, si ajabu akapewa dawa mseto hivyo hivyo, au akaambiwa ni taifodi, au U.T.I., ugonjwa usiokosekana siku hizi kwenye cheti cha mtu yeyote. Akirudi mwezi unaofuata na malalamiko yale yale, anapimwa presha na kushauriwa apunguze mawazo. Akikata tamaa na hospitali, mtaani wapo wa kumwambia ana jini.

Swali moja halikuulizwa: hedhi yako ya mwisho ulipata lini? Maana dalili zile zote zaweza kuwa za hedhi inayokaribia kukoma. Binti wa miaka 20 huulizwa hata hajakaa vizuri, maana tunahofia mimba. Mama aliyemaliza kuzaa hana wa kumuuliza. Kliniki tumeiita ya mama na mtoto, na mtoto akishakua, mama naye hana tena mlango wa kuingilia.

Siwalaumu wauguzi wala matabibu. Wengi somo la kukoma hedhi walilipita mbio chuoni. Na madaktari waliolisoma, baadhi yao walichobaki nacho ni woga wa kutibu dalili hizo kwa homoni. Julai 2002, huko Marekani, utafiti wa wanawake zaidi ya 16,000, uliolinganisha vidonge vya homoni za estrojeni na projestini na vidonge visivyo na dawa, ulisitishwa kabla ya muda wake kwa sababu saratani ya matiti ilionekana kuongezeka kwa waliomeza homoni. Habari ikaenea dunia nzima. Maelezo yakachelewa: wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, na ongezeko lenyewe lilikuwa kama wagonjwa 8 kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Uchambuzi wa baadaye umeonyesha kuwa mwanamke mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi ikome, akiwa anateswa na dalili, faida ya homoni kwake mara nyingi huzidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti au kuganda damu hutafutiwa tiba nyingine, na zipo. Lakini daktari aliyefunga daftari mwaka ule bado anamwambia mgonjwa avumilie, yatapita.

Wataalamu wetu wa afya wanatakiwa kukusanya pointi za mafunzo endelevu ili wahuishe leseni. Vizuri. Ila mafunzo yakiishia ukumbi wa hoteli mjini, mabingwa wakisikilizana wao kwa wao na posho mkononi, yule mama wa zahanati hatayaona matunda yake. Mimi ningeanza na muuguzi na tabibu wa kijijini. Ajue kwamba hedhi huhesabiwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila kuiona, aghalabu kati ya miaka 45 na 55, lakini vurugu huanza miaka kadhaa kabla. Ajue namna ya kuuliza habari za ukavu ukeni na maumivu ya tendo la ndoa bila kumwaibisha mtu, kwa kuwa mama hatayataja mwenyewe, hasa tabibu akiwa kijana wa kumzaa. Na kwa wateja wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, awe makini zaidi. Dawa za ARV zimewafikisha wanawake wengi umri huu, na jasho la usiku kwao laweza kuwa kifua kikuu. Apime makohozi kwanza. Yakiwa safi, asimwache mama arudi nyumbani bila jibu.

Liko moja lisilongoja semina yoyote. Mama aliyemaliza mwaka au zaidi bila hedhi, kisha akaona damu, hata matone, asiambiwe kwamba hedhi imerudi. Yaweza kuwa saratani ya mlango wa kizazi au ya mji wa mimba. Aandikiwe rufaa siku hiyo hiyo.