Mvua za Kale na Ulinzi wa Leo



Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka 2023, mvua kubwa ilinyesha katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda. Mto Sebeya ulifurika wilayani Rubavu, kingo za milima zikaporomokea nyumba za watu waliokuwa wamelala, na zaidi ya watu 130 wakapoteza maisha. Askari waliitwa, kama ilivyo wajibu wao, kufukua, kuokoa na kuwahifadhi walionusurika. Na baada ya kila msiba wa namna hiyo, kuna neno moja ambalo halikosi vinywani mwa watu: haijapata kutokea.

Neno hilo halina budi kuchunguzwa. Anayesema kwamba jambo fulani halijapata kutokea, sharti aonyeshe daftari lake linaanzia wapi. Vipimo vya mvua vya Rwanda havirudi nyuma zaidi ya karne moja na ushei. Tena daftari hilo fupi lilichanwa katikati. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, vituo vya hali ya hewa viliharibiwa, na kwa takriban miaka 15 vipimo vilivyoandikwa vilikuwa vichache mno. Baadaye idara ya hali ya hewa, Meteo Rwanda, ikishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, iliziba pengo hilo kwa kuunganisha makadirio ya setilaiti na vipimo vya vituo vilivyokuwapo. Kazi hiyo ni ya kupongezwa. Lakini makadirio hayo ya setilaiti nayo huanzia miaka ya 1980. Hiyo ni kumbukumbu ya umri wa mtu mmoja, wala si kumbukumbu ya nchi.

Shahidi mwenye umri mkubwa zaidi amepatikana ndani ya mapango ya Oman. Nchi hiyo si ngeni kwa Afrika Mashariki. Pepo za msimu, kaskazi na kusi, ndizo zilizosukuma majahazi kati ya Maskati na Zanzibar kwa karne nyingi. Pepo hizo hizo huchukua unyevu wa Bahari ya Hindi na kuuleta barani, na sehemu ya unyevu huo hufika hata katika milima ya Rwanda, ukikutana na ule utokao misitu ya Kongo. Kwa hiyo habari za pepo hizo zilizohifadhiwa Oman zinawahusu pia wakulima wanaongojea mvua za Itumba na za Umuhindo.

Ushahidi wenyewe hupatikana hivi. Maji ya mvua yanapopenya udongoni huchukua hewa-ukaa, yakawa na ukali kidogo, na kuyeyusha mawe ya chokaa. Yakifika kwenye dari ya pango hudondoka tone baada ya tone, na kila tone huacha chembe ya chokaa sakafuni. Baada ya maelfu ya miaka chembe hizo huwa nguzo, ambayo wataalamu huiita stalagmiti. Ikikatwa kwa urefu, matabaka yake huonekana yamepangana, ya zamani yakiwa chini na ya karibuni juu.

Tarehe za matabaka hayo husomwa kwa madini ya urani. Urani huyeyuka majini na kuingia katika nguzo, ilhali thoriamu karibu haiyeyuki kabisa. Lakini urani hugeuka polepole, kwa mwendo unaojulikana, na kuwa thoriamu. Hivyo kiasi cha thoriamu kilichomo katika tabaka hueleza umri wake. Ama habari za mvua, hizo husomwa katika oksijeni. Iko oksijeni nyepesi na iko nzito. Na katika nchi za pepo za msimu, mvua ikiwa nyingi, kwa kawaida ile nzito hupungua katika maji yanayofika pangoni.

Kwa njia hiyo Dominik Fleitmann na wenzake walichunguza nguzo ya pango la Qunf, katika Dhofar kusini mwa Oman, na mwaka 2003 wakatangaza matokeo. Nguzo hiyo ilionyesha kwamba mvua zilikuwa nyingi miaka elfu kadhaa iliyopita, kisha, tangu miaka 8,000 hivi, zikaendelea kupungua. Sababu kubwa ni mabadiliko ya polepole katika mzunguko wa dunia, yaliyopunguza nguvu ya jua la kiangazi upande wa kaskazini na hivyo kudhoofisha pepo zinazovutwa kutoka baharini. Nguzo ya pango la Hoti, kaskazini mwa Oman, ilionyesha kwamba mvua hizo za msimu ziliwahi kufika hata mahali ambapo leo hazifiki.

Rwanda haina hazina ya namna hiyo katika mapango yake mashuhuri ya Musanze, kwa kuwa hayo yalifanywa na moto wa volkano na si kwa chokaa. Lakini askari wa upelelezi anajua kwamba shahidi mmoja hatoshi, na kwamba asipopatikana huyu hutafutwa mwingine. Katika eneo hili shahidi huyo ni kinamasi. Huko Kashiru, nchini Burundi, mboji iliyolundikana kinamasini imehifadhi chavua za mimea ya miaka 40,000. Raymonde Bonnefille na wenzake walizisoma, na mwaka 1990 wakaeleza kwamba katika zama za barafu kuu nyanda hizi zilikuwa baridi zaidi kwa nyuzi 4 hivi, na mvua ilikuwa pungufu kwa karibu asilimia 30.

Kadhalika mashapo ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, yalisomwa na Dirk Verschuren na wenzake, nao wakatoa taarifa mwaka 2000. Katika miaka 1,100 iliyopita walikuta vipindi vya ukame mkali kuliko wowote ulioandikwa katika karne ya 20. Walipolinganisha vipindi hivyo na masimulizi ya wazee juu ya njaa, vita na kuhama kwa makabila, vilipatana. Katika Rwanda bado wako wanaosimuliwa habari za njaa ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944. Lakini mashapo ya Naivasha yanaonya kwamba hata karne hiyo, pamoja na njaa zake zote, haikuonyesha upeo wa ukame wa Afrika Mashariki.

Ni kweli kwamba jiwe wala mboji havitaji siku ambayo mto utafurika. Kazi hiyo ni ya watabiri na vipimo vyao. Kinachotajwa na mashahidi hawa ni upeo: mvua inaweza kuzidi, na inaweza kukosekana, kupita yote aliyoyaona mtu aliye hai. Na sasa joto la dunia linapoongezeka kwa kazi za binadamu, hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa.

Hapo ndipo wajibu wa askari unapoanza. Mpango wa uokoaji uliopimwa kwa mafuriko ya mwaka jana tu ni mpango mfupi. Kituo cha kupima mvua kilicho kijijini ni mali ya ulinzi, na anayekiharibu hulitoboa taifa jicho. Kinamasi kinachokaushwa kiholela hupoteza pamoja uwezo wa kuzuia maji na kumbukumbu ya maelfu ya miaka. Na onyo la watabiri linapotolewa jioni, familia zilizo kwenye kingo za milima zinapaswa kuhamishwa kabla ya usiku kuingia, hata kama mahali hapo mlima haujapata kuporomoka.