DAWA YA SUKARI NA WASIWASI WA MOYO

(Mazungumzo ya mwanachama wetu, muuguzi mstaafu, katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi)



Nimepewa dakika chache, nami nitazitumia kwa jambo moja tu. Kwa miaka 10 tumejifunza kuhesabu fedha zetu. Leo naomba tuhesabu na sukari iliyomo ndani ya damu zetu. Humu ukumbini tuko wengi tunaotumia dawa za sukari, na suali ninaloulizwa sana pembeni, kikao kikishavunjwa, ni hili: hivi dawa hizi zaweza kumtia mtu wasiwasi?

Jawabu ni ndiyo, baadhi yake zaweza. Lakini hazifanyi hivyo kwa uchawi. Nisikilizeni.

Sukari ya damu ikishuka mno, yaani kipimo kikisoma chini ya 4, mwili unamwaga homoni iitwayo adrenalini. Ni hiyo hiyo inayomwagika ukifukuzwa na mbwa usiku. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho jembamba linakutoka, unaingiwa na hofu wala huijui sababu yake. Jirani akikuona atasema una wasiwasi. Mwengine atasema umepandwa na shetani, aitwe mganga. Kumbe mwili unalia sukari!

Dawa zinazoweza kuishusha hivyo ni sindano ya insulini na vidonge vya jamii ya glibenklamaidi. Vidonge hivi huilazimisha kongosho itoe insulini, umekula hukula. Chukueni mfano wa mama anayepika na kuuza pale Forodhani. Asubuhi kameza kidonge, kanywa strungi isiyo na sukari, kisha shughuli mpaka Magharibi. Hapo roho ikimwenda mbio si ajabu. Na akichanganya na dawa ya majani ya kushushia sukari, ndiyo anazidisha hatari. Shirika la Afya Duniani limeshaandika katika orodha yake ya dawa muhimu kwamba glibenklamaidi haiwafai waliopindukia miaka 60. Bibi zangu, kamuulizeni daktari kama yupo wa kukubadilishieni.

Metfomini ni habari nyengine. Ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari mno. Ila ikitumika miaka mingi huweza kupunguza vitamini B12 mwilini, na upungufu huo huleta ganzi, uchovu, na hata kubadilika kwa hali ya moyo. Kipimo chake kipo, uliza.

Sasa ufanye nini hali hiyo ikikushika? Pima kwanza, kama kipimo kipo. Kama hakipo, usingoje. Koroga vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji unywe, au nusu gilasi ya juisi ya miwa. Halua na chakleti zina mafuta, zinachelewa. Subiri dakika 15, pima tena. Ikiwa bado, rudia. Ikipanda, kula chakula. Mtu akizimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Na mnaotumia dawa za presha kama atenololi, jueni kwamba moyo huenda usidunde. Nyinyi tazameni jasho.

Mwezi wa Ramadhani mtihani unazidi. Nendeni kliniki wiki sita kabla, dawa zipangwe upya kwa futari na daku. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu. Ukisoma chini ya 4, fungua.

Lakini jamani, ikiwa umepima na sukari iko sawa, na hofu bado ipo, basi hofu hiyo nayo ni maradhi yenye dawa yake. Wenye kisukari hupata wasiwasi zaidi kuliko wengine. Kuhesabu vidonge kila siku ya Mungu si kazi ndogo. Mweleze daktari. Na akikuelekeza Kidongo Chekundu, nenda kichwa juu. Kutibiwa moyo si aibu.

Ninaloliogopa mimi ni hili: mwenzetu anahisi moyo unadunda, anasema dawa inamdhuru, anaitupa kimya kimya. Sukari inapanda, na ikikaa juu muda mrefu macho na figo vinaanza kuharibika, kidonda cha mguu hakiponi. Usiache dawa. Badilisha kipimo chake au saa yake, kwa kauli ya daktari.

Ombi langu la mwisho. Mfuko wetu wa jamii umeshazika, umeshauguza. Naomba ununue mashine moja ya kupimia sukari, ikae kwa mshika fedha, na kila anayepimwa atobolewe kwa sindano yake mpya. Na kila siku ya kikao, pembeni ya kisanduku cha fedha pawe na kopo la sukari na gilasi ya maji.