Kabla ya Mvua: Namna ya Kuchagua Gari Dogo la Juu Lililotumika

Mazungumzo na watumiaji wa bidhaa na huduma, Buseresere, Wilaya ya Chato



Nimeombwa niseme juu ya ununuzi wa magari yaliyotumika, hasa haya madogo ambayo sokoni tunayaita magari ya juu: RAV4, Rush, Escudo, X-Trail, Forester, CR-V na wenzao. Ombi hili limekuja kwa wakati wake. Lami itokayo Geita inapita hapa Buseresere kuelekea Bwanga na Biharamulo, na juu ya lami kila gari ni gari. Lakini maisha ya watu wengi wa hapa hayapo juu ya lami. Yapo Rwamgasa na kwenye machimbo mengine, yapo mashambani, yapo kwenye vijiji ambavyo njia yake hukata mbuga yenye udongo mweusi wa mfinyanzi. Mvua mbili kubwa zikinyesha, njia ile si ile tena. Ndipo mtu husema, mwaka huu lazima nipate gari la juu.

Kwa wengi fedha ya kununulia gari hilo huja mara moja. Duara limetoa, au mpunga umeuzwa, au ng'ombe wamepelekwa mnadani, na fedha yote inaingia katika chombo kimoja kwa siku moja. Fedha hiyo ikipotea hairudi kwa mshahara wa mwezi ujao. Tena gari hilohilo ndilo majirani watakalolitegemea usiku, mvua ikinyesha, kumpeleka mama mjamzito hospitali ya Chato. Kwa hiyo naomba tulitazame polepole, na tulitazame kuanzia chini, kwa sababu muuzaji ametumia siku nzima kulipendezesha juu.

Jambo la kwanza ni kujua kama gari linavuta kwa magurudumu yote manne. Watu wengi huamini kuwa kila RAV4 ni fowili. Sivyo. Umbo la nje ni lilelile, lakini kiwanda kilitoa aina zote mbili, na tofauti yake imeandikwa kwenye gari lenyewe. Fungua boneti utafute kibati cha kiwanda, au soma namba ya chesisi kwenye kadi. RAV4 ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2000, ambayo madalali huiita Kili Time, ikiwa namba yake inaanza na ZCA25 au ZCA26, inavuta kwa magurudumu mawili tu. Ikianza na ACA20 au ACA21, ni fowili. Katika kizazi kilichofuata, ACA36 ni ya magurudumu mawili na ACA31 ni fowili. Kwa Toyota Rush, J200 ni ya mawili, J210 ni ya manne. Herufi na tarakimu hizo chache hazihitaji fundi wala ada, nazo ni ushahidi mzuri kuliko kiapo cha dalali.

Hata hivyo kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani, hakisemi lilivyo leo. Ipo tabia ya baadhi ya mafundi ya kuondoa shafti ya nyuma difu inapoanza kulia, badala ya kuitengeneza. Gari linaendelea kutembea vizuri kwenye lami, na mwenye gari husahau. Inama uone. Kwa RAV4, CR-V na X-Trail, nguvu ya msingi iko mbele, basi utafute shafti inayokwenda nyuma na difu yake kati ya magurudumu ya nyuma. Kwa Rush na Escudo ni kinyume: nguvu ya msingi iko nyuma, kwa hiyo shafti ya nyuma itakuwapo hata kama gari si fowili. Huko utazame mbele, kama zipo shafti mbili zinazoingia kwenye magurudumu ya mbele. Nimeona wanunuzi makini wakidanganyika kwa sababu walijua kanuni moja tu kati ya hizi mbili.

Ukishaona vyuma, sikiliza. Peleka gari kwenye uwanja mkavu, zungusha usukani hadi mwisho, uendeshe polepole kwa duara kamili, kulia kisha kushoto. Ukisikia mlio wa ta-ta-ta kutoka kwenye magurudumu ya mbele, viungo vya shafti vimekwisha. Ukihisi gari linajikaza kana kwamba breki imeshikwa, huenda kiungo cha katikati kinachogawa nguvu kimeganda. Vyote viwili ni gharama, na vyote viwili ni sababu ya kupunguza bei au kuondoka.

Omba pia fundi afungue nati ya difu na achovye kidole. Oili nzima huwa na rangi ya asali au nyeusi. Oili iliyofanana na chai ya maziwa imeingiwa na maji, maana yake gari limevushwa mitoni na hakuna aliyejali kubadili oili baadaye. Katika ukanda wetu huu wa machimbo, huo ndio ugonjwa ninaouogopa kuliko mwingine wowote, kwa sababu hauonekani na huua difu taratibu.

Sasa niseme habari ya baridi, na naomba msinicheke. Mtu wa Buseresere ana shughuli gani na theluji? Anayo, kwa sababu gari lake limeiishi. Magari mengi tunayonunua yametoka Japani, na kule Hokkaido na pwani ya magharibi ya kisiwa kikuu theluji huanguka kwa miezi kadhaa kila mwaka. Ili barabara zisigande humwagwa chumvi. Chumvi hiyo huruka chini ya gari na kuanza kula chuma. Tena magari ya kuvuta kwa magurudumu manne ndiyo yanayopendwa na watu wa mikoa hiyo ya theluji, hivyo mwenye kutafuta fowili ndiye mwenye hatari kubwa zaidi ya kukuta gari lililoliwa.

Kutu ya juu juu kwenye vyuma vinene si tatizo. Kutu ya kuogopa ni ile inayobanduka kwa magamba. Chukua bisibisi ugonge kwa mpini wake: kingo za chini ya milango, mahali shokapu zinaposhikia bodi, chesisi yenyewe kwa magari kama Escudo, na mabomba membamba ya breki. Chuma kizima hulia, chuma kilichoozwa ndani hutoa sauti butu. Ukikuta sehemu yote ya chini imepakwa lami nyeusi mpya, inayong'aa, uliza imepakwa lini na kwa nini. Huenda ni kinga ya kweli. Huenda pia ni shuka juu ya kidonda.

Baridi hiyohiyo hutuletea matairi. Soma ubavuni mwa tairi: likiwa na neno STUDLESS, hilo ni tairi la theluji. Mpira wake ni laini makusudi, umekatwakatwa kwa mistari myembamba ili ushike barafu. Juu ya lami yetu yenye joto hulika upesi, hulegea kwenye kona, na breki zake kwenye lami iliyolowa si za kutegemea. Muuzaji atakuambia kwa nia njema kabisa kuwa matairi ni mapya, yametoka na gari Japani. Meno yanaweza kuwa marefu kweli, ila tairi hilo si la hapa. Weka bei ya matairi manne katika hesabu yako kabla hujataja ofa.

Tairi lina umri pia. Tafuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira huzeeka hata gari likisimama. Kina cha meno nacho kina alama yake: ndani ya mifereji vipo vituta vidogo, na meno yakifika usawa wa vituta hivyo yamebaki milimita 1.6, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa mwisho. Kwa udongo wa mbuga mimi ningesema mwisho huo ni wa kuchelewa. Mfinyanzi hujaza mifereji, na tairi lenye mifereji mifupi hugeuka kuwa duara laini ambalo hata magurudumu manne yakivuta yatazunguka mahali palepale. Na kwa gari la fowili matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yamelika kwa kiasi kinachokaribiana, la sivyo kiungo kile cha katikati kitafanya kazi bila kupumzika hadi kife.

Fowili husaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kila gari, la magurudumu mawili au manne, husimama kwa breki na matairi. Madereva wengi huteleza kwenye mteremko kwa sababu wamejiamini walipokuwa wanapanda.

Kimo ni rahisi kupima. Beba futi ya fundi cherehani, pima kutoka ardhini hadi sehemu ya chini kabisa ya gari katikati. Magari tunayoyazungumzia huwa karibu sentimita 20. Ukikuta gari limenyanyuliwa kwa spesa juu ya shokapu, fahamu kuwa shafti sasa zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuundiwa, na gari linayumba zaidi kwenye kona.

Injini sitaisemea sana, kwa sababu kila fundi mzuri anajua kuikagua. Iwashe ikiwa ya baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto kabla hujafika. Tazama moshi, tazama maji ya rejeta kama yana mafuta juu yake. Pita pia kwenye maduka ya vipuri pale Katoro uulize bei ya shokapu, ya difu na ya shafti kwa gari unalolitaka, kabla hujalipenda kupita kiasi. Gari la bei nafuu ambalo vipuri vyake vinaagizwa Dar es Salaam linaweza kulala gereji mvua zote.

Kuhusu kilomita, dashibodi isiaminiwe peke yake. Kwa gari lililotoka Japani karibuni, omba cheti cha kuondoshwa kwake nchini humo, ambacho huonyesha kilomita zilizoandikwa kwenye ukaguzi. Linganisha pia na pedali na usukani: pedali iliyolika mpaka chuma haikukanyagwa kwa kilomita 40,000.

Niseme na jambo ambalo wauzaji hawatafurahi kulisikia. Si kila mmoja wenu anahitaji fowili. Mwenye duka hapa barabarani, anayekwenda Geita na Mwanza, na kijijini mara mbili kwa mwaka, atahudumiwa vizuri na gari la magurudumu mawili lenye kimo cha kutosha na matairi mazuri. Atanunua mafuta kidogo, na hana difu ya ziada ya kutengeneza. Tofauti ya bei aiweke benki.

Sasa karatasi. Kadi halisi ya gari uione kwa macho, na jina lililomo lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiambiwa kadi ipo Kahama kwa ndugu, fikiri kwamba huenda ipo kwa mkopeshaji kama dhamana, na usitoe hata shilingi moja ya kishika uchumba. Namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma ilingane na ya kadi. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari. Kisha uhamisho wa umiliki ufanyike TRA mara moja, kwa mkataba wa mauziano na namba za mlipakodi za pande zote mbili. Gari linalotembea kwa jina la mtu mwingine si lako, hata kama funguo unazo.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Mwenye yadi akikuuzia gari la magurudumu mawili akisema ni fowili, au akirudisha nyuma kilomita, unayo haki ya kulalamika. Lakini sheria hiyo inawagusa walio katika biashara. Jirani anayeuza gari lake mwenyewe hayumo, na kwake kinga yako ni mkataba. Ndiyo maana nasisitiza kwamba yale uliyoambiwa kwa mdomo yaandikwe: kwamba magurudumu yote manne yanavuta, kilomita ni ngapi, halijawahi kuzama majini, halina deni. Muuzaji mkweli hatakataa kuandika alichokisema. Atakayesema "mzee, sisi si tunaaminiana?" mwambieni kwa upole kwamba ndiyo, na kwa sababu hiyo kalamu haitamdhuru.

Malipo yapite benki au kwenye simu, yaache alama. Fedha taslimu iliyohesabiwa chini ya mwembe ina mashahidi siku hiyo tu. Ukiwa na malalamiko, ulete nakala ya mkataba, risiti ya malipo, na picha za tangazo la gari kama lilitangazwa kwenye simu. Bila hivyo tunabaki na maneno ya watu wawili.

Nimeleta bisibisi na futi, na mwenyekiti ametuazima gari lake lililoegeshwa pale nje. Wanaotaka tukainame pamoja tuone difu na kibati, karibuni. Maswali nitayapokea hukohuko.